Magazeti ya kufungia vitumbua tuleteeni sisi skuli

Bwana Mhariri, assalaamu alaykum.

Naomba nafasi kidogo, na kabla hujakasirika nisikilize kwanza. Gazeti lako huku Wete tunalisoma sana, ila wengi wetu tunalisoma likiwa na mafuta. Kuna bibi anauza vitumbua na bajia karibu na skuli yetu, ananunua magazeti ya zamani kwa kilo, anachana anafungia, na watoto wa mkondo wa asubuhi wakitoka wanapishana hapo kwake na wale wa mchana wanaoingia. Sasa mwezi uliopita nikamkuta kijana wangu mmoja wa darasa la 3 kitumbua kashakimaliza zamani lakini karatasi hajaitupa, kachutama kaikunjua juu ya paja, mafuta yameipenya mpaka herufi za upande wa pili zinaonekana upande huu, na yeye kwa kidole anazichambua zipi za mbele zipi za nyuma, Si-mba, Ya-nga, da-ki-ka... Nikasimama nyuma yake kimya. Wallahi machozi yalinilenga, maana mtoto huyu mimi mwenyewe kwa mkono wangu nimemuandika kwenye ripoti kuwa hajui kusoma.

Nilimuandika vile kwa nini? Kitabu darasani ni kimoja kwa watoto wanne watano, na kurasa za mwanzo zote wanazijua kwa kichwa, ukimwambia mtoto soma anatiririka kama maji kumbe kidole kiko mstari mwingine kabisa. Mfunulie katikati ya kitabu ndipo utajua. Huyu hata cha kukariri hakuwa nacho, kwa sababu msimu wa karafuu ulipoingia alikuwa hayupo, na mie siwezi kumlaumu mama yake sana, kila pishi atakayochuma ni hela, na anailipwa mkononi. Wengine baba zao wanakwenda dago, kambi za wavuvi, wanawachukua wakapike huko. Wakirudi darasa limeshakwenda.

Na darasa lenyewe lina watoto 87, nusu wako chini sakafuni. Nikitaka kumsikiliza kila mmoja asome hata dakika moja haimfikii.

Sasa hapa ndipo ninapotaka nieleweke. Mtoto huyo huyo jioni anakwenda chuoni kusoma Qur'ani na huko juzuu amma, ile ya mwisho, keshaimaliza, tena anasoma vizuri, nimemsikia. Nikamfuata maalim wake nikamuuliza, maalim unamfanya nini huyu? Akanicheka. Kumbe chuoni hakuna kitu darasa zima kwenda pamoja, kila mtoto ana mahali pake alipofika, anakwenda mbele ya maalim anasoma peke yake, akikosea anarudi kukaa, kesho anakuja na somo lile lile hata wiki nzima, na wakubwa wanawasomesha wadogo pembeni. Sisi skuli Jumatatu tukifika ukurasa wa 12 basi wote tuko ukurasa wa 12, aliyejua, asiyejua na aliyekuwa juu ya mkarafuu.

Sisemi chuoni ni peponi, bakora ipo na wengi wanasoma herufi maana hawaijui. Lakini namna ile ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja ni yetu tangu zamani, hata hilo neno irabu tunalowafundishia a, e, i, o, u asili yake ni vile vialama vya juu na chini ya herufi za Kiarabu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiandika barua za Kiswahili safi kwa herufi hizo hizo za Kiarabu, watu mpaka wa kijiji cha pili wanakuja awaandikie, halafu walipopita watu wa kisomo cha watu wazima wakamuandika hajui kusoma wala kuandika. Nyumbani tulikuwa tukilicheka jambo lile. Siku hizi silicheki, maana na mimi nimemfanyia vile vile mtoto wa watu.

Basi nimeiga. Kila siku kabla ya kengele nakaa na watoto 5, kila mmoja ananisomea peke yake, na nimepata watoto wawili wa darasa la 6 wananisaidia. Piga hesabu, 87 kwa 5, zamu ya mtoto inarudi baada ya wiki tatu na ushei, ni kidogo lakini ndio hivyo. Na haraka ninayo kwa sababu sera ya elimu ya 2006 ilizipeleka hesabu na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la 5, mabishano yake leo siyataki, ninachosema mtoto ambaye neno mkarafuu linampiga chenga tunamtazamia nini huko?

Kinachonikwamisha ni kitu cha kuwasomesha. Watanijibu elimu bure tangu tarehe 23 Septemba 1964, ni kweli, baba yangu asingeingia skuli bila ya siku ile. Lakini nenda majumbani, kilichoandikwa ni msahafu, kalenda ya ukutani na mfuko wa unga, basi. Ndio maana nakuandikia wewe. Najua kila siku yapo magazeti yanayorudi hayakuuzwa. Tuleteeni sisi kabla hayajafika kwa bibi wa vitumbua, hata ya mwezi uliopita, watoto hawajali tarehe, na mkipata nafasi tuwekeeni kona ndogo ya watoto yenye herufi kubwa na habari za huku, za ng'ombe, za mpira, za mvua.

Kijana wangu yeye keshaniambia anataka ukurasa wa michezo. Kile kipande chake kilichanika pale pale palipotaka kutajwa nani kafunga, na kila asubuhi akifika darasani jambo la kwanza ananiuliza mwalimu, umeshakipata kile kilichobaki?

Mwalimu wa darasa la 3,
Wete, Pemba.