Msimrekebishie mtoto pembetatu yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wazazi wanaotaka watoto wao wajifunze hesabu na kuandika programu nyumbani. Wengi huanzia mwisho. Hutafuta kompyuta nzuri, kisha humkalisha mtoto mbele ya video ya mtu anayeandika programu. Mtoto ananakili, mchezo unafanya kazi, lakini ukimuuliza kwa nini ameweka 90 hana jibu.

Siku ya kwanza haihitaji kompyuta. Chora kwenye karatasi uwanja wa miraba 10 kwa 10, uweke kifungo cha shati kiwe kobe. Mtoto aandike maagizo kwa maneno matatu tu: mbele, kulia, kushoto. Mzazi ayatekeleze kama yalivyoandikwa, asikisie. Mtoto akiandika "kulia" akidhani kobe atageuka na kusogea, kobe ageuke tu papo hapo. Ugomvi mkubwa huwa ni kulia kwa nani. Ni kulia kwa kobe, kwa hiyo kichoreeni kifungo mshale wa mbele mapema.

Kobe huyu si mgeni: ndiye aliyeitambulisha Logo, lugha ya programu iliyotungwa Marekani mwaka 1967, Seymour Papert akiwa mmoja wa waasisi wake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na paka wa Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Menyu zake zinaweza kuwekwa Kiswahili, na ukishaipakua kwenye kompyuta haidai intaneti. Maagizo yake ni bloku, yaani vipande vinavyounganishwa; zile za kalamu, zinazomfanya paka achore mstari anapopita, hazionekani mwanzoni. Huongezwa kwa kitufe kilicho chini kushoto.

Mtoto aanze na mraba: rudia mara 4, nenda hatua 100, geuka nyuzi 90. Utatoka bila shida. Sasa mwambie achore pembetatu yenye pande sawa. Aliyekwisha kufundishwa pembe shuleni mara nyingi ataandika: rudia mara 3, nenda hatua 100, geuka nyuzi 60. Kitakachotoka ni nusu ya pembesita, mdomo wazi.

Hapo ndipo tunapowasihi wazazi: msimrekebishie. Mkimtajia 120 mmemnyima somo lenyewe. Mraba ulimdanganya, kwa kuwa pembe yake ya ndani na ile ya nje zote ni nyuzi 90, hivyo hakuwa na sababu ya kuzitofautisha. Mchoreeni pembetatu sakafuni kwa chaki, atembee juu ya mistari, na kila kona aangalie mwili wake umegeuka kiasi gani. Akirudi alipoanzia na kuelekea alikoelekea mwanzo, amegeuka duara zima, nyuzi 360, kwa kona 3. Kugawanya atagawanya mwenyewe. Pembetano na pembesita hazitamsumbua tena, ila nyota ya ncha 5 itamsumbua: 72 inakataa, 144 inakubali, maana paka hugeuka mizunguko miwili kamili kabla ya kuufunga mchoro.

Kisha mpeni pembesaba. Akiandika 51, jumla inakuwa 357, na ncha mbili hazikutani vizuri. Dawa ni kutumia bloku ya kugawanya, 360 kwa 7, aiingize ndani ya bloku ya kugeuka. Watoto waliozoea kulidharau baki hapa hulionea huruma.

Duara ni tamu zaidi. Rudia mara 360: nenda hatua 2, geuka kushoto nyuzi 1. Mzingo ni hatua 720. Lakini jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na kimo cha 360, yaani juu ya kitovu kuna hatua 180 tu. Akianzia katikati, paka atagonga ukingo na duara litapinda, naye atalaumu hesabu zake bure. Aanzie x 0, y -115, yaani hatua 115 chini ya kitovu, paka akielekea kulia. Ili apate kipenyo, abadilishe 360 iwe 180: paka atasimama juu kabisa, y ikisoma 114. Toka -115 hadi 114 ni 229. Agawanye 720 kwa 229 aone namba gani inamjia.

Makosa mengine ni ya mpangilio tu. Kila programu ianze kwa kufuta michoro yote, kuinua kalamu, kumpeleka paka mahali pa kuanzia na kumwelekeza nyuzi 90, yaani kulia, ndipo kalamu ishushwe. Bila hivyo mchoro wa leo huanzia ulipoishia wa jana. Ukubwa wa paka upunguzwe hadi 20, la sivyo ataifunika kazi. Na ndani ya marudio ya umbo dogo iwekwe bloku ya kusubiri sekunde 0.5, ili kosa lionekane linapotokea.

Ombi letu kwako, Mhariri: ukurasa wa watoto uchapishe kila wiki programu fupi yenye kosa moja. Ya kwanza tunaitoa sisi. Rudia mara 5: nenda hatua 80, geuka nyuzi 108. Inayotakiwa ni pembetano. Jibu lingoje toleo la wiki inayofuata.

Walimu wa hesabu na kompyuta