Barua kwa Mbwana: mtungi uliosoma 29 jioni na 32 asubuhi

Ndugu yangu Mbwana,

Salamu nyingi, natumai mu wazima wote nyumbani. Umeniuliza kwa nini mtungi wako wa kuzamia ulisoma oksijeni asilimia 29 jioni, kisha 32 asubuhi. Kipima chako cha oksijeni hakina kosa, bora tu kisome 20.9 kwenye hewa ya kawaida kabla ya kila kazi. Gesi huchanganyika zenyewe, lakini si papo hapo. Oksijeni umeitanguliza, hewa ya kompresa ikafuata. Mtungi ukisimama, hewa inaweza kubaki nyingi upande wa valvu, na kipima huonja kinachotoka hapo. Molekuli zina mbio za mamia ya mita kwa sekunde, ila kwenye baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) hugongana bila kikomo, kama mtu anayepenya soko la Darajani mkesha wa Idi: mbio nyingi, mwendo mdogo.

Basi laza mtungi, uviringishe dakika kadhaa, uache hadi kesho, ndipo upime. Usije ukaona 29 ukaongeza oksijeni! Asubuhi utakuta 35, na kina cha mwisho kwa kikomo cha 1.4 (baa za oksijeni peke yake unayovuta) kimepungua kutoka mita 33 hadi 30. Degedege ya oksijeni chini ya maji mara nyingi haibishi hodi.

Hesabu yenyewe: mtungi mtupu, naitroksi ya 32 (hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32), baa 200: zidisha 200 kwa 0.11 (0.32 toa 0.21 ya hewa), gawanya kwa 0.79 (sehemu ya hewa isiyo oksijeni), unapata oksijeni baa 28. Ukiwa na baki la baa 50 za 32, unajazia 150 tu: oksijeni 21, geji ifike 71, kisha hewa hadi 200. Soma geji mtungi ukiwa umepoa. Ukifunga kwenye 200 ungali moto, ukapoa ukashuka 190, hewa imepungua na mchanganyiko unakaribia 32.6.

Oksijeni iingie polepole, isizidi baa 5 kwa dakika (za geji, si za bia). Joto la mgandamizo likikutana na grisi ya kawaida kwenye valvu, unawaka moto. Mtungi na valvu visafishwe kwa ajili ya oksijeni, na hewa ipite kwenye chujio la kuondoa mafuta.

Na uliuliza kama mchanganyiko hutengana mtungi ukikaa mwezi: hapana, hautengani. Oksijeni ni nzito kidogo kuliko naitrojeni, uzito wa molekuli 32 kwa 28, lakini haitulii chini kama mashapo ya kahawa. Mtungi uliochanganywa zamani unapimwa tu, hauviringishwi tena.

Nduguyo,
Hamadi