Kipande cha povu ndani ya bahasha

Langoni, Lamu

Sahibu yangu Famau,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi na watu wa nyumbani tu wazima, na twamuomba Mola nanyi muwe vivyo hivyo. Najua kwamba barua yako ya mwezi wa Ramadhani sikuijibu, na sababu niliyokuwa nayo haitoshi kuitwa udhuru, kwa hiyo nisamehe tu bila ya kuniuliza. Zuhura amejifungua mtoto wa kike, lakini hilo utakuwa umekwisha kulisikia kwa Twalib, ambaye habari hazimkai tumboni.

Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha povu jeupe, ukubwa wa kiberiti. Tafadhali usikitupe, na usimpe mtoto akichezee, kwani barua yote hii nimeiandika kwa ajili yake.

Utakumbuka kwamba tulipokutana kwenye arusi ya Bwanaheri nilikueleza habari ya weikisafu, ule mchezo wa kuteleza juu ya wimbi linalozuka nyuma ya boti, nawe ukacheka mpaka sahani ikakuponyoka. Kamba katika mchezo ule ni ya kuinukia tu. Ukishasimama na wimbi likakushika, kamba unairudisha botini, ukabaki unasukumwa na maji yenyewe, mita mbili tatu tu nyuma ya tezi, yaani mkia wa boti. Ubao wake ukitaka kuuagiza kutoka ng'ambo, mimi ningeuza punda na tandiko lake na bado nisingeufikia. Ndiyo maana niliazimia kuunda wangu, darini kwangu, chini ya kile kibanda cha makuti ambacho wewe hukiita ofisi ya mvivu.

Kiini cha ubao ni povu la polistirini, ndugu ya lile la masanduku ya barafu ya wavuvi, ila hili ni bamba nene na lililokazwa zaidi. Lilikuja kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, likavuka kwa boti, likapandishwa juu ya punda. Na pale pembeni mwa gati upepo wa kusi ukalivua mgongoni mwa punda na kulitia majini, tukalifuata kwa mtumbwi huku vijana wakitushangilia. Angalau nilipata hakika kwamba linaelea. Kulikata kwenyewe hakukuwa na taabu: nilichonga vibao viwili vya plaiwudi vyenye mpindo niutakao, nikavipigilia ubavuni huku na huku, nikapitisha juu yake waya wa nikromu niliouchomoa katika hita mbovu na kuupasha kwa betri ya volti 12, nao ukapita katika povu kama kisu katika samli. Moshi wake ni mbaya, kwa hiyo kazi ile nilifanya upepo ukinipiga kisogoni. Urefu wake ni futi 5, upana sentimita 52, na unene katikati sentimita 4 na nusu; pua imeinuka sentimita 9 na mkia 4. Yaliyobaki ni randa ndogo, msasa na subira. Kingo za mbele nimezifanya mviringo ili zisijichome majini, na za nyuma nimeziacha na makali, ili maji yauachie mkia upesi. Kwa sababu boti huenda mwendo wa kilomita 16 hadi 19 kwa saa tu, na ubao unaong'ang'aniwa na maji katika mwendo mdogo kama huo huachwa na wimbi.

Sasa nikwambie habari ya Ami Kassim. Unajua kwamba tangu alipoiacha kazi ya mashua kule Matondoni hajashika tezo wala keekee, na kutwa huwa barazani akilalamikia magoti. Siku moja alisikia kishindo cha randa, akapanda ngazi yote ile hadi darini, akautazama ubao na kuniuliza tangu lini nimeanza kuunda meza za kupigia pasi. Nilipomweleza, hakunijibu neno. Alifumba macho, akapitisha kiganja toka omo, yaani puani, hadi tezi, mara moja kulia na mara moja kushoto, kisha akasema kwamba kushoto kumenenepa kiasi cha ukucha. Nilikuwa nimekwisha kupima kwa rula na kuridhika. Nilipopima upya, nikaona milimita 3 zimezidi, kushoto, pale pale alipoacha kidole chake. Basi akaninyang'anya msasa, na sikuupata tena hadi adhana ya adhuhuri. Famau, miaka minane sijamwona mzee yule akipiga mluzi.

Na hapo ndipo penye kunichoma, kwa kuwa ubao ule aliousawazisha kwa mkono wake haupo tena.

Rezini, ile gundi ya maji inayogandisha kitambaa cha faiba juu ya povu, niliinunua katika duka moja la Mombasa, ambalo jina lake nalimeza. Niliuliza mara mbili kama ni ya aina ya epoksi, nikajibiwa kwamba ni hiyo hiyo, na kwamba hata mabao ya mawimbi ya Wazungu huundwa nayo. Nikarudi, nikatandika kitambaa cha faiba, nikakoroga na kumimina, Ami Kassim akiwa ameketi kando na kikombe chake cha kahawa. Kwanza ilipanda harufu kali. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama ya samaki anayeanza kukaangwa, na nilipoinama kutazama, katikati ya ubao palikuwa pakibonyea, kitambaa kinazama, na povu linanywea kama sukari iliyomwagiwa maji. Katika muda mfupi nilikuwa na bakuli badala ya ubao. Ami alimaliza kahawa yake, akashuka ngazi taratibu, na wiki nzima hakuuliza kitu.

Nilichouziwa kilikuwa rezini ya aina nyingine, poliesta. Poliesta ina stirini ndani yake, na stirini huyeyusha polistirini. Epoksi haina kitu hicho, ndiyo maana hulifunika povu hili bila ya kulidhuru. Mwenye duka hakuwa mwongo kabisa, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mabao ya mawimbi kwa miaka mingi yameundwa kwa poliesta, lakini juu ya povu jingine, la poliyurethini, ambalo halina habari na stirini. Na kiwanda kikubwa cha povu lile huko California, Clark Foam, kilipofungwa ghafla mwezi wa Desemba 2005, ndipo waundaji wengi walipogeukia polistirini na epoksi. Hata hizi boti zetu za faiba ni poliesta, na zinakaa baharini miaka. Kwa boti rezini yake ni nzuri. Kwa povu langu ni sumu.

Bamba la pili limekwisha kuchongwa. Limelala chini ya kitanda, limefungwa kanga mbili, na mama watoto amesema kwamba akiokota punje moja zaidi ya povu katika wali, mmoja kati yetu, mimi au ubao, atalala barazani. Ami ameupitisha kiganja na huu, safari hii bila ya mluzi, na kila Ijumaa baada ya sala huniuliza utaingia majini lini. Nami nimeingiwa na woga, nakiri mbele yako; nikifumba macho naisikia ile sauti ya kukaangwa.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Twalib ameniambia kwamba wewe huenda Mombasa kila Alhamisi kwa ajili ya mzigo. Nenda ukaninunulie epoksi kilo 2 na nusu pamoja na kigumishi chake, na kigumishi kiwe cha polepole, kwa kuwa kwa joto la huku kile cha haraka huchemka kikombeni na kutoa moshi kabla hujakigusa kitambaa. Lakini kabla hujatoa fedha, toa kipande nilichokitia katika bahasha, umwombe muuzaji akidondoshee tone moja la rezini, ile ambayo bado haijachanganywa na kitu, kisha ukae nacho robo saa. Povu likibonyea, mrudishie kopo lake na uondoke, hata akikuapia. Usiamini maandishi wala maneno, amini povu. Akiona haya kukufanyia jambo dogo kama hilo, basi hiyo nayo ni jawabu.

Pia naomba kitambaa cha faiba cha kufumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba, mita 4. Usikubali kupewa ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa wanaotumia mafundi wa boti, kwani gundi inayoshika nyuzi zake huhitaji stirini ili ilainike, na kwa epoksi hubaki mkavu. Kopo lifunge ndani ya mifuko miwili na ulipe basi la Mokowe; nitalipokea mwenyewe, sitamtuma mtu, wala punda.

Mengine nimekwisha kuyapanga. Nitaanza kumimina baada ya alasiri, joto linapoanza kushuka, kwa sababu povu likipata joto hewa iliyomo ndani hutanuka, hutoka kupitia rezini mbichi na kuacha vipovu kila mahali, ilhali linapopoa huivuta rezini ndani. Nitakoroga kidogo kidogo, kwa mizani. Ami nimemwomba akae pale pale alipokaa siku ile, akakubali, kwa sharti kwamba kahawa iwe na tangawizi.

Limebaki suala la boti, na hapo nakuja kwako kwa mara ya pili. Boti zetu za hapa karibu zote mashine yake huning'inia nje, na rafadha, lile panga linalozunguka majini, iko nyuma kabisa ya tezi, mahali ambapo mcheza weikisafu angeangukia. Nyuma ya mashine ya namna hiyo sitelezi, hata nikiitwa mwoga hadharani. Lakini boti ya mjomba wako ya uvuvi wa bahari kuu mashine yake imo ndani, rafadha imejificha chini ya tumbo, na uzito wake wenyewe unatosha kuinua wimbi bila ya kupakia madumu ya maji upande mmoja kama wafanyavyo wenye boti nyepesi. Mwendo wa noti 9 au 10 tu, yaani maili za baharini kwa saa. Jambo ninalolihofia ni moshi, kwa kuwa kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mtu anayeteleza karibu na tezi huivuta bila ya kujua. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, lakini kidogo nacho si hakuna.

Je, bomba la moshi la boti ile hutokea nyuma, au ubavuni? Mjomba wako angekubali saa moja ya asubuhi, mafuta yakiwa juu yangu, au bado ana kinyongo na ile nanga tuliyompotezea? Kuna sehemu yenye maji tulivu huko Malindi, nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari, ambapo hatutamkera mtu? Tanga mbili, ule wakati wa kati ya kusi na kaskazi, itakapoingia, bahari ya Malindi hutulia kwa siku ngapi kabla ya kaskazi? Na chumba kile cha chini kina kitanda kisicho na ngazi? Nauliza kwa sababu Ami Kassim amesema kwamba magoti au yasiwe magoti, atakuja.

Nijibu kabla ya Alhamisi, tafadhali, na kipande kile usikisahau nyumbani.

Wasalaam,
Ni mimi nduguyo,
Lali