Leseni ya kimataifa ya kununua mtandaoni haikodishi gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wafanyabiashara wa Mwanza wanaokwenda Dubai, Afrika Kusini au Japani na kutaka kukodi gari wakifika. Wengine wananunua mtandaoni kadi iliyoandikwa "leseni ya kimataifa", eti inadumu miaka 10 au 20. Pesa hiyo imeliwa.

Hati halali ni kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, nacho si leseni. Ni kijitabu cha karatasi kinachotafsiri leseni yako ya TRA kwa lugha kadhaa, na usipokuwa na leseni yenyewe mkononi hakikusaidii. Hutolewa na nchi iliyokupa leseni, hivyo kishughulikie kabla ya kupanda ndege. Umoja wa Mataifa hautoi kibali hicho, hata tovuti ikiweka nembo yake.

Vibali vinavyokutwa zaidi ni vya aina mbili. Cha mkataba wa usafiri wa barabarani wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1. Cha Vienna wa 1968 hufika miaka 3, ila leseni ikiisha nacho kimeisha. Japani inakubali cha 1949 tu. Ukienda na cha 1968, hata kiwe halali namna gani, utakataliwa kaunta. Tarehe ya mkataba imeandikwa kwenye jalada. Isome kabla ya kulipia.

Panapokwamisha wengi ni majina. Pasipoti ina majina matatu, leseni mawili, kadi ya benki ina herufi ya kwanza tu. Mkodishaji anataka vyote vifanane, na dhamana mara nyingi huizuia kwenye kadi ya mkopo ya dereva mwenyewe. Kadi ya ATM, au kadi ya shemeji, mara nyingi hukataliwa. Aliye chini ya miaka 25 ajiandae kutozwa zaidi.

Kwa anayekodi hapa Mwanza kuvuka mpaka wa Sirari (Kenya), Mutukula (Uganda) au Rusumo (Rwanda), cha kwanza ni barua ya ruhusa ya mwenye gari, nakala ya kadi ya gari na bima inayofika huko, maana bima ya ndani inaishia mpakani. Rwanda wanaendesha kulia, na usukani wetu uko kulia pia: ukitaka kulipita lori huoni mbele mpaka gari limeshachungulia. Abiria wa kushoto ndiye atakayekuonea.

Mdau wa usafiri,
Kirumba, Mwanza