Kura ya wananchi ianzie kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya kuwapa wananchi haki ya kupendekeza sheria wenyewe na kuzipigia kura, badala ya kuwaachia wabunge kila jambo.

Haki hiyo naiunga mkono, kwa sababu katika kura ya maoni mwenye nguvu hasa ni yule anayeamua swali liulizwe lini na kwa maneno gani. Watanzania tunalijua hilo: kura ya Katiba Inayopendekezwa ilipangiwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi leo haijapigwa. Nchini Uswisi raia wakikusanya saini 100,000 ndani ya miezi 18, pendekezo lao la kubadili katiba hufika kwa wapiga kura, serikali itake isitake. Jirani zetu wa Kenya nao wanaruhusiwa kufanya hivyo kwa saini milioni moja, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba Rais hawezi kuianzisha hoja hiyo, kwa kuwa njia hiyo ni ya wananchi.

Lakini Uswisi hiyohiyo inanitia hofu. Mwaka 1959 wanaume wa huko waliulizwa kama wanawake wapewe haki ya kupiga kura za kitaifa, wakakataa, na wanawake wakasubiri hadi 1971. Nikiwaza haki ya binti au mjane kurithi kihamba, yaani shamba la ukoo, huku kwetu Uchaggani iamuliwe kwa wingi wa kura, naona kwamba haki za msingi zisipigiwe kura kabisa. Zilindwe na katiba na mahakama, hata pale walio wengi wasipozipenda.

Tuanzie basi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mara nyingi ajenda huja imeshapangwa, nasi tunabaki kunyoosha mikono, ilhali mambo ya mfongo (mfereji wetu wa kumwagilia mashamba), barabara za ndani na michango ya shule tunayafahamu kuliko mtu yeyote, na uamuzi mbaya utatuumiza sisi wenyewe msimu huohuo. Nawaomba wabunge wa Kilimanjaro wapeleke marekebisho ya sheria, yatakayosema wazi ni wanakijiji wangapi wakitia saini wataweza kuitisha mkutano huo na kuweka ajenda yao, bila mwenyekiti kuwa na mamlaka ya kuikataa.

Mwalimu mstaafu,
Marangu, Moshi