Wauza mashine za aiskrimu mtufundishe kuzifunga

Habari za kazi mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na hawa wanaotuuzia mashine za aiskrimu za koni, zile za bomba 3, maana wanunuzi wengi ni kina mama wa vikoba, tunakopa, halafu tunakabidhiwa boksi na kitabu cha Kichina basi.

Yangu nilinunua Kariakoo mwaka jana nikaileta Morogoro kwenye buti la basi imelazwa. Hakuna aliyeniambia ikishalazwa inatakiwa ikae wima kama siku nzima ndo uiwashe, oili ya kompresa irudi chini. Mi nikawasha jioni ileile. Kompresa ilipona, ila kesho yake nikasema nijaribu kwanza nisipoteze maziwa, nikajaza maji matupu nikabonyeza kitufe cha kugandisha, jamani, dakika chache mkanda unalia kama paka, kumbe maji yameshakuwa jiwe ndani ya silinda, na ile skurubu ndefu ya kukorogea ikavunjika. Maji ni ya kuoshea tu, na unabonyeza kitufe cha kuosha ambacho kinazungusha bila baridi. Hilo muuzaji angelisema kwa nusu dakika.

Fundi friji wa hapa mtaani ndo kanifundisha kuifunga, yaani kuunganisha vifaa vyake baada ya kuviosha. Zile ringi za mpira zinazozuia maziwa yasivuje unazipaka grisi ya mashine za chakula, sio mafuta ya mgando ya kujipaka, na ile ya nyuma ya skurubu ndo usiisahau kabisa, ukiivalisha kavu maziwa yanapenya nyuma kidogo kidogo, utayaona yanachuruzika kwenye kimrija cha pembeni, hapo zima mara moja. Umeme ukikatika ukarudi, subiri dakika 5 ndo uwashe, kompresa ipumue.

Lakini kinachoniuma zaidi ni usafi. Kuna siku nilichoka nikaenda kulala bila kuifungua na kuiosha. Asubuhi nachomoa valvu ya mbele inayotolea aiskrimu, kwenye kamfereji kanapokaa ringi kuna utando wa njano unanuka maziwa yaliyochacha, na bomba kwa nje linang'aa kabisa hata ningeangalia vipi nisingejua! Baridi haiui vijidudu, inavipunguza kasi tu, ndo maana maziwa ya tangi la juu nayo yasizidi nyuzi 5, na yakishinda na joto saa kadhaa umeme ukiwa haupo ni ya kumwaga hata kama roho inauma. Wateja wangu wakubwa ni watoto wakitoka shule, siku ile sikuuza hata koni moja, nilichemsha maji nikasugua kifaa kimoja kimoja na brashi mpaka mchana, nikaloweka kwenye dawa ya kuulia vijidudu, nikafunga upya.

Kwahiyo wauzaji naomba, fungueni boksi mbele ya mteja, mfunge mashine mfungue, halafu mwacheni naye afanye kwa mikono yake mkimwangalia. Wekeni na karatasi moja ya Kiswahili na seti ya ringi za akiba, maana hizo zinachakaa na huku mikoani kuzipata ni kazi. Na TBS, Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao, tunaomba waliangalie hili la maelekezo ya Kiswahili kwenye mashine zinazoingia.

Muuza koni,
Msamvu, Morogoro