Kwa Salimu, kuhusu bamba la chaki ya ML7

Ndugu yangu Salimu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako imefika, na vipimo vya chaki nimeviona: taya tatu, milimita 100. (Kijana anayekusaidia mwambie si chaki ya ubaoni, ni kibano kinachoshika kazi kwenye mashine ya kukereza.) Bamba la kuifungia utalikereza mwenyewe kwenye mashine hiyo hiyo ya ML7, ila usianze nalo. Anza na kipimo, yaani mfano kamili wa pua ya spindo, ule mhimili unaozungusha chaki. Wakati unakata uzi wa skrubu ndani ya bamba, pua yenyewe imekaliwa na chaki ya taya nne iliyolibana, kwa hiyo huna pa kujaribia. Ukilifungua bamba ukajaribu, halirudi tena katikati kama lilivyokuwa.

Myford ML7 ilitengenezwa Beeston, Nottingham, kwa hiyo milimita weka kando. Pua ni inchi 1⅛, uzi 12 kwa inchi, pembe ya Whitworth (aina ya uzi ya Kiingereza), digrii 55. Nyuma ya uzi kuna sehemu laini ya inchi 1¼, halafu bega. Sehemu laini na bega ndivyo vinavyoiweka chaki katikati. Uzi unavuta tu. Uzi ukilegea kidogo si neno, lakini sehemu laini ikilegea chaki itayumba. Ukiuziwa tapu (kifaa cha kukatia uzi wa ndani) ya UNF, aina ya Kimarekani, ya 1⅛, usishangilie: uzi ni 12 kweli, ila pembe ni 60.

Kwa kipimo, tafuta chuma laini cha mviringo, milimita 35 kwa urefu wa 100. Kifunge kati ya senta mbili, zile ncha zinazokishika huku na huku, kiendeshwe kwa shikio, kibano kidogo kinachokizungusha. Sehemu laini ikereze kwa kufuata maikromita uliyoweka kwenye spindo yako, maana mashine kuukuu huwa imelika. Uzuri wa senta ni kwamba unaweza kukitoa kipimo, ukajaribu kukizungushia chaki ya taya nne, kisha ukakirudisha pasipo kupoteza kitu, mradi shikio usilifungue na likae upande ule ule.

Skrubu ya kuongozea, inayosogeza kisu, ina uzi 8 kwa inchi. Panga gia ili spindo ikizunguka mara 3, skrubu izunguke mara 2. Nyuzi 12 na 8 hukutana kila robo inchi, kwa hiyo nati inayoishika skrubu hiyo inaweza kufunguliwa na kufungwa kwenye alama hizo. Huna saa ya uzi, ile inayoonyesha alama hizo? Nati usiifungue hata kidogo, toa kisu, rudisha spindo kwa mkono. Hapo ndipo mpini wa spindo unapofaa: kipande cha fimbo kinachoingia tundu la nyuma la spindo, kimepasuliwa nne mwishoni, na koni inayovutwa na bolti ya M8 ili kijibane. Utoe kabla hujawasha mota. Kila mara.

Sasa bamba. Puli kuukuu ya chuma cha kusubu, ya mashine ya kusaga, iliyojaa, si ya vijiti, inafaa sana, mradi tundu lake lisizidi milimita 24. Ibane kwenye chaki ya taya nne, uache nafasi ya milimita 6 kati yake na uso wa chaki ili kisu kipate pa kutokea. Ganda la juu ni gumu: ingia chini yake kwa mkato mmoja wa kina, gia ya nyuma (ya kupunguza mwendo), kama mizunguko 60 kwa dakika. Kata pakavu, na reli za mashine zifunike kwa gazeti, kwa sababu vumbi hilo likikutana na oili ni msasa.

Bila kulifungua bamba, sawazisha uso, panua tundu hadi inchi 1.020, kisha mdomo hadi ulingane na sehemu laini ya kipimo. Uzi una kina cha thau 53 (thau ni sehemu ya elfu ya inchi). Kisu cha ndani hupinda, kwa hiyo mwishoni pitisha mara tatu nne bila kuongeza kina, ndipo ujaribu kipimo. Kukata kwa kurudisha spindo nyuma kwa mota usijaribu; chaki hujifungua.

Lifunge kwenye pua, pakaza bega masizi yenye oili. Doa lisipozunguka pote, kuna kishungi, yaani ukingo wa chuma uliobaki, kwenye uzi wa kwanza, kitoe. Ndipo ukereze ngazi ya kuingia mgongoni mwa chaki mpya, kimo chake pungufu kwa nusu milimita kuliko kina cha shimo, ili chaki ikalie uso na si ngazi. Matundu ya bolti yazidi bolti kwa nusu milimita, kwani bolti haziweki katikati.

Chaki ikiganda, usifunge spindo kwa gia ya nyuma kisha ukavuta. Meno yatang'oka. Bana chuma cha pembe sita kwenye taya, shika mkanda, gonga spana mara moja kwa ghafla.

Ukishaifunga, niandikie geji ya kupimia kuyumba inasoma ngapi.

Wako,
Juma